Omena, dagaa, mukene: utumie mbinu gani kulinganisha hifadhidata mbili?

Samaki ni yuleyule. Kisumu tunamwita omena, Mwanza wanamwita dagaa, upande wa Uganda ni mukene, na wanasayansi wanamwandika Rastrineobola argentea. Ipe kompyuta majina hayo ya kwanza matatu, iambie ipime yanavyofanana herufi kwa herufi, nayo itakujibu kwa alama ambapo 1 ni sawa kabisa na 0 ni tofauti kabisa: omena na mukene 0.33, omena na dagaa 0.2. Kwake hao ni samaki watatu wasiojuana.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kenya ina asilimia 6 tu, Uganda 43, Tanzania 51. Kwa hiyo mtu wa Kisumu anayetaka kujua samaki wanaendeleaje hawezi kutosheka na daftari za huku peke yake. Na hata za huku hazifanani: tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, kaunti tano zinazopakana na ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zinaweza kuwa na jedwali tano zenye vichwa vitano tofauti vya jambo moja. Mmoja ameandika `uzito_kg`, mwingine `kilo`, wa tatu `kiasi`.

Kazi ya kuambia mashine itafute safu ipi huku ni sawa na safu ipi kule ndiyo inayoitwa kulinganisha skima, skima ikiwa ni mpangilio wa jedwali na safu zake. Ikiwa ni dhana zilizopangwa kwa ukoo, kama vile samaki, jamii yake na spishi zake, basi ni kulinganisha ontolojia. Mbinu ni nyingi, na wanaoanza huuliza ipi ni bora. Mimi huwauliza kwanza: mbinu unazotaka kuunganisha, zinakosea mahali pamoja au mahali tofauti? Zikikosea pamoja, hata uziweke kumi utakuwa umerudia kosa moja mara kumi.

Majina na kamusi

Kulinganisha majina ya safu ni rahisi, ni haraka, na hakuhitaji kuona data ya mtu yeyote. Vipimo viwili hutajwa sana. Cha Levenshtein, cha mwaka 1965, huhesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe lingine; gawanya hesabu hiyo kwa urefu wa neno refu, itoe kwenye 1, na hiyo ndiyo alama. Cha Jaro-Winkler, cha 1990, kilitokana na kazi ya kuoanisha majina ya watu katika sensa ya Marekani, nacho hutoa alama za ziada kwa maneno yanayoanza sawa, hadi herufi nne za mwanzo.

Kwa Kiswahili usichukue hicho cha pili bila kufikiri. Lugha yetu hubadilika mwanzoni. Chombo kikiongezeka ni vyombo, mvuvi ni wavuvi, ufuo ni fuo. Maneno yaliyo ndugu hayapati ile zawadi ya mwanzo, ilhali `namba_simu`, `namba_chombo` na `namba_kitambulisho` zote huanza na "namb" na zote huzawadiwa. Levenshtein inayapa chombo na vyombo 0.67, ambayo si mbaya. Kukata neno vipande vya herufi tatu tatu na kuhesabu vipande vinavyolingana pia hufanya kazi vizuri, kwa sababu mzizi haubadiliki.

(Ukitoka kwenye safu ukaingia kwenye watu wenyewe, jihadhari zaidi katika eneo letu. Onyango na Anyango hutofautiana herufi moja, Wafula na Nafula vilevile. Kipimo cha herufi kitakwambia ni mtu mmoja aliyekosewa kuandikwa. Kumbe ni kaka na dada.)

Majina matupu yana nguvu kiasi gani? Tangu 2004 yanafanyika kila mwaka majaribio ya kimataifa yanayoitwa OAEI, ambapo programu za kulinganisha ontolojia hupimwa kwa data ileile. Katika kitengo cha anatomia, upande mmoja una dhana 2,744 za mwili wa panya na upande wa pili dhana 3,304 za mwili wa binadamu. Programu isiyofanya lolote ila kutafuta majina yaliyo sawasawa hupata usahihi wa 0.997 na ukamilifu wa 0.622. Yaani inachokitaja ni kweli karibu kila mara, ila inaacha zaidi ya theluthi ya jozi za kweli. Programu bora zinazounganisha mbinu kadhaa hufikia alama ya pamoja ya karibu 0.94. Lakini huko pande zote mbili ziliandikwa na wataalamu kwa Kiingereza kimoja cha udaktari. Hapa ziwani mbuta na mputa wa Uganda wanapata 0.8, mbuta na sangara wa Tanzania 0.14, ingawa wote watatu ni samaki mmoja, na ngege na sato, majina mawili ya tilapia, sifuri kamili, maana hawana hata herufi moja ya pamoja.

Pengo hilo huzibwa na kamusi. WordNet, kamusi ya kompyuta ambayo mifumo mingi ya zamani huitegemea, ni ya Kiingereza, kwa hiyo haitakusaidia kwa omena. AGROVOC, kamusi ya kilimo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ina dhana zaidi ya 40,000 na Kiswahili kimo, na orodha ya ASFIS ya FAO hiyohiyo inatoa jina la kisayansi la kila spishi pamoja na kodi ya herufi tatu. Zote mbili ni nguzo nzuri za katikati: badala ya kulinganisha omena na dagaa ana kwa ana, unalinganisha kila mmoja na Rastrineobola argentea. Hata hivyo, kamusi iliyonifaa kuliko zote ni karatasi mbili nilizoandika kwa kuuliza wanawake wanaouza samaki na makarani wa BMU, yaani kamati za usimamizi wa fuo. Ufuo, bichi, mwalo. Mbuta, sangara, mputa. Haikuchukua hata siku nzima.

Kamusi nayo ina mtego wake. Sokoni ngege ni tilapia yeyote. Kwenye maandishi ya wanasayansi ngege ni Oreochromis esculentus, mwenyeji wa ziwa tangu zamani, na tilapia aliyejaa kwenye makarai leo ni Oreochromis niloticus, aliyeletwa miaka ya 1950. Ukiandika ngege ni sato bila kujua daftari imeandikwa na nani, umefufua samaki ambaye wavuvi wengi hawamwoni tena.

Thamani zilizo ndani ya safu

Njia ya pili ni kuacha kichwa cha safu na kutazama kilichomo. Namba ya kitambulisho kwa kawaida ina tarakimu nane, ya simu huanza na 07, 01 au 254. Huhitaji kichwa kuzitambua. Unaweza kupima thamani ngapi zinapatikana pande zote mbili, au umbo lake: ni namba au maneno, ndogo kabisa ni ngapi, kubwa ni ngapi, zinajirudia mara ngapi.

Kati ya mbinu zote, hii ndiyo ninayoiamini zaidi kwa data ya kwetu, kwa sababu watu huandika vichwa wanavyotaka, ila mbuta ana kilo zake na sentimita zake. Lakini ina pande tatu za udhaifu, na kila mmoja umewahi kunigharimu.

Kwanza ni vipimo. Karani mmoja anaandika kilo, mwingine gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni. Gorogoro la mahindi hukaribia kilo mbili, la omena mkavu halifiki, kwa hiyo huwezi hata kuzidisha kwa namba moja ukamaliza. Safu mbili za jambo lilelile zitaonekana kama vitu viwili.

Pili ni mahali. Latitudo ya Kisumu ni kama -0.1, ya Mwanza ni kama -2.5. Linganisha safu ya latitudo ya fuo zetu na ya mialo ya kule, na hutapata thamani hata moja inayolingana. Ubaya zaidi, sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna latitudo zinazofanana na sehemu za mia. Mashine ikiona namba za 0.05, 0.11, 0.14 upande wa Busia, inaweza kuzipeleka kwenye safu ya kiwango cha samaki walioharibika. Tazama alama za kutoa: latitudo za kusini ya ikweta huenda chini ya sifuri, uwiano hauendi. Ila kwa Busia, iliyo kaskazini ya ikweta, alama hiyo haitakusaidia.

Tatu ni sheria. Ili kulinganisha thamani lazima uzione, na humo mna simu na vitambulisho vya wavuvi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu hata kama nia yako ni njema. Kama mwenye data hawezi kukupa chochote ila vichwa vya safu, mjadala umekwisha: tumia majina, kamusi na muundo.

Muundo

Hapa sitakaa sana. Wazo ni kwamba safu hujulikana kwa majirani zake. `urefu` iliyo karibu na `spishi` na `uzito` ni ya samaki. Iliyo karibu na `injini` na `usajili` ni ya chombo. Mbinu ya Similarity Flooding, ya Melnik, Garcia-Molina na Rahm mwaka 2002, hugeuza kila skima kuwa grafu, kisha huacha mfanano wa jozi moja umwagikie jozi jirani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi alama zitulie. Ni nzuri sana pale skima zina matawi mengi. Kwa jedwali moja bapa la Excel lenye safu kumi na mbili haina pa kumwagikia, kwa hiyo usijichoshe nayo.

Kuziunganisha: hapa ndipo kazi ilipo

Rahm na Bernstein, katika mapitio yao ya 2001, walitofautisha njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya vigezo vyote ndani ya algoriti moja tangu mwanzo, kama programu ya Cupid ya mwaka huohuo. Ya pili ni kuacha kila kilinganishi kitoe alama zake peke yake, halafu kuziunganisha. Programu ya COMA ya Do na Rahm, kutoka Chuo Kikuu cha Leipzig mwaka 2002, ilifuata ya pili, na ndiyo ninayokushauri. Unaweza kuongeza kilinganishi, kukitoa, na kuona ni kipi kilichokuponza.

Alama zikishatoka, unaziunganishaje? COMA ilitoa njia nne: kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote, wastani, na wastani wenye uzani. Tuchukue jozi mbili za mfano. Moja ni ya kweli: `ufuo` wetu na `mwalo` wa Mwanza. Nyingine ni ya uongo: `urefu` wa samaki kwa sentimita na `urefu` wa chombo kwa mita.

| | ufuo – mwalo | urefu – urefu |
|---|---|---|
| Majina | 0.2 | 1.0 |
| Kamusi | 1.0 | 1.0 |
| Umbo la thamani | 0.8 | 0.1 |
| Kubwa kuliko zote | 1.0 | 1.0 |
| Ndogo kuliko zote | 0.2 | 0.1 |
| Wastani | 0.67 | 0.70 |
| Wenye uzani 0.2, 0.3, 0.5 | 0.74 | 0.55 |

Soma mistari minne ya chini polepole. Ukichukua alama kubwa, zote mbili zinapita. Ukichukua ndogo, zote mbili zinaanguka. Wastani wa kawaida, ambao watu wengi hudhani ndio wa haki, unaipa jozi ya uongo alama nyingi kuliko ya kweli. Sababu ni lile swali nililoanza nalo: kwa neno `urefu`, majina na kamusi si mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja aliyeitwa mara mbili, maana kamusi inarudia tu kwamba neno ni lilelile. Ukiipa thamani nusu ya uzani wote na kuweka kizingiti cha 0.6, jozi ya kweli inaingia na ya uongo inabaki nje.

Ya urefu si ya kubuni. Niliwahi kuunganisha jedwali za fuo kadhaa kwa kanuni ya alama kubwa, nikachapisha muhtasari, nikaupeleka ufuoni ukaguliwe. Karani wa BMU, mama mtu mzima, aliweka kidole kwenye mstari mmoja akaniuliza, "Mwanangu, huyu mbuta wa sentimita saba ni nani amemvua?" Hakuna aliyemvua. Ilikuwa ni mita saba za mtumbwi. Mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo muhtasari wangu ungetoka vile ulivyokuwa, ungesema ufuo mzima unavua vifaranga, na watu wasio na kosa wangeulizwa maswali.

Kwa hiyo uchague hivi. Alama kubwa ni ya kutafuta, wakati unataka usikose jozi yoyote na kuna mtu wa kukagua kila moja. Alama ndogo ni pale kosa moja lina gharama kubwa, kama kuunganisha kumbukumbu za matibabu. Wastani wenye uzani ndio wa kazi ya kila siku, mradi uzani huo umetoka kwenye data yako mwenyewe.

Kuna pia kujifunza uzani kwa mashine. Programu ya LSD ya Doan, Domingos na Halevy, ya 2001, hupewa jozi zilizokwisha kuoanishwa kwa mkono na hujifunza ni kilinganishi kipi kiaminiwe kwa aina gani ya safu. Ukiwa na vyanzo viwili tu haina maana, kwa sababu ukishaoanisha ili uifunze, kazi imekwisha. Ukiwa na kaunti tano, oanisha mbili kwa mkono na uiache ishughulikie tatu zilizobaki.

Kutoka alama hadi jozi

Kizingiti peke yake huacha safu moja ikipendwa na tatu. Unaweza kutumia ndoa imara ya Gale na Shapley ya 1962, ambapo hakuna safu mbili zinazopendeleana kuliko wenzi waliopewa, au mbinu ya Kihungari iliyotolewa na Kuhn mwaka 1955, inayotafuta jumla kubwa ya alama zote. Kwa jedwali ndogo matokeo hukaribiana. Kumbuka tu kwamba zote mbili hudhani safu moja hulingana na safu moja tu, ilhali `jina_kamili` upande mmoja ni `jina_la_kwanza` na `jina_la_mwisho` upande wa pili.

Ukiwa na ontolojia

Hapa kuna jambo ambalo alama ya mfanano haiwezi kukwambia hata ikiwa 1.0. Omena ni dagaa, lakini je, dagaa ni omena? Mwanza, ndiyo. Kigoma, dagaa wa Ziwa Tanganyika ni Stolothrissa tanganicae, na Pwani dagaa ni samaki wa baharini kabisa. Ikiwa ontolojia ya pili inahusu Tanzania nzima, dagaa ni dhana pana na omena yuko ndani yake. Ukiandika kwamba ni sawa, samaki wa Kigoma amegeuka kuwa wa Victoria.

Programu ya LogMap, iliyotolewa 2011, ina faida hapa: baada ya kupata jozi huzipitisha kwenye mantiki, na ikikuta dhana moja imelazimishwa kuwa chini ya dhana mbili zisizoweza kukutana, huondoa jozi iliyoleta mgongano. AgreementMakerLight ya 2013 nayo hutumia kamusi za nje kwa ustadi na imefanya vizuri sana kwenye ile anatomia. Lakini zote mbili zinataka faili za OWL, lugha ya kuandikia ontolojia. Kama ulichonacho ni CSV, kuzigeuza ni kazi ya siku kadhaa kwa faida ndogo. Chukua Valentine, maktaba ya Python ya 2021 kutoka Delft, ambayo imekusanya COMA, Cupid, Similarity Flooding na vilinganishi vya thamani mahali pamoja. Unaweza kuvipima vyote kwa data yako katika asubuhi moja.

Modeli za lugha zinazogeuza maneno kuwa vekta, yaani orodha za namba, nimezijaribu pia. Zinasaidia kwa vichwa virefu kama `tarehe ya kutua` na `siku ya kupokelewa`. Kwa majina ya samaki na fuo ya Kijaluo sizipi uzani mkubwa, na kila jozi iliyotoka kwazo pekee naiweka pembeni ikaguliwe.

Wakati wa kuacha mashine

Melnik na wenzake walitoa kipimo ninachokipenda: ukamilifu mara (2 kutoa 1 iliyogawanywa kwa usahihi). Kinapima kazi uliyookolewa. Usahihi ukiwa 0.8 na ukamilifu 0.7, kinatoa 0.525, yaani karibu nusu ya kazi imefanywa. Usahihi ukishuka chini ya 0.5, jibu ni chini ya sifuri: kufuta makosa ya mashine kutakuchosha kuliko kuoanisha kwa mkono tangu mwanzo. Ukiwa na jedwali mbili za safu kumi na tano, chukua kalamu.

Kwa zile kaunti tano ningefanya hivi. Vichwa vya Levenshtein kwa uzani wa 0.2, kamusi ya karatasi mbili kwa 0.3, umbo la thamani kwa 0.5 baada ya kugeuza gorogoro kuwa kilo kwa kila spishi na kuondoa simu na vitambulisho. Ikiwa kamusi imelingana kwa sababu tu neno ni lilelile, isihesabiwe kabisa, na uzani wake uhamie kwenye thamani. Kizingiti kiwe 0.6. Jozi zote za kati ya 0.5 na 0.7, ziwe zimepita au zimeanguka, zichapishwe kwa herufi kubwa, kila moja na mifano mitano ya thamani zake pembeni, zipelekwe ufuo wa Dunga mapema, mitumbwi ya omena ikiwa imerudi na karani angali na daftari mkononi.